Mgeni Aliyepewa Jembe: Vyakula vya Bara la Amerika katika Lugha na Chungu cha Mswahili



Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii humkumbusha mgeni kwamba ukarimu una mpaka, na kwamba atakayekaa hana budi kufanya kazi pamoja na wenyeji wake. Katika mhadhara huu ningependa tuitumie kwa wageni wa aina nyingine, yaani mimea ya chakula iliyovuka bahari kutoka bara la Amerika, ikapewa jembe huku kwetu, na leo haikumbukwi tena kuwa ilikuwa migeni.

Tukimwondolea Mswahili wa leo mahindi, muhogo, viazi vitamu, viazi ulaya, nyanya, pilipili, maharagwe, karanga, maboga, mapapai, mananasi, mapera, mastafeli na korosho, atabakiwa na nini katika sinia? Atabakiwa na mtama, uwele, ulezi, kunde, njugu mawe, viazi vikuu, ndizi, mchele, nazi na kitoweo cha bahari. Si haba, mababu waliishi kwavyo na kujenga miji ya mawe kwavyo. Lakini vile vya kwanza vyote asili yake ni Amerika, na hakuna ushahidi wa kilimo chake katika pwani yetu kabla ya safari ya Columbus ya 1492.

Hoja yangu ni kwamba mimea hii ilipokewa na utaratibu uliokwisha kuwapo, utaratibu wa sarufi kwa upande wa lugha na utaratibu wa mapishi kwa upande wa jiko. Ndiyo maana ikawa yetu. Hata hivyo, wepesi huo wa kupokea ulitusahaulisha mambo mawili: historia ya watu walioilima kwa jasho lisilolipwa, na maarifa yaliyoachwa njiani mimea iliposafiri peke yake. Mwanafunzi wa lugha ana nyenzo za kuyafufua yote mawili, kwa sababu mengi yamehifadhiwa katika maneno.

1. Jina humtaja mchuuzi wa mwisho

Tuanze na njia. Mwezi wa Aprili 1500, merikebu za Pedro Álvares Cabral zilitia nanga Brazili. Baada ya kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zile zilizosalimika katika dhoruba zilifika Kilwa, kisha Malindi, mwaka huohuo. Hatusemi kwamba zilibeba mbegu. Tunasema tu kwamba tangu mwaka huo ufuko wa Amerika na ufuko wa Uswahilini viliunganishwa na mabaharia wa taifa moja. Wareno walikaa pwani yetu kwa karibu karne mbili. Walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, na wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Askari na mabaharia walihitaji chakula, na bustani za ngome na visiwa zilikuwa miongoni mwa milango ya mimea mipya. Mlango mwingine ulikuwa Bara Hindi, ambako Wareno hao walikuwa na makao Goa, na ambako majahazi yetu yalikuwa yakienda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi tangu zamani.

Majina yanaonyesha njia zote mbili. Neno pera latokana na Kireno, na katika Kireno ni jina la tunda jingine kabisa lililozoeleka Ulaya. Neno kanju ni caju la Kireno, ambalo nalo ni acaju la Watupi wa Brazili. Nanasi pia chanzo chake ni lugha za Kitupi na Kiguarani, na papai ni neno la visiwa vya Karibi. Kwa hiyo mchuuzi wa Kiwangwa, Bagamoyo, anaponadi mananasi yake, hutamka neno la Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kusini bila kujua. Stafeli, kwa upande wake, limepitia mashariki. Huko Bara Hindi tunda la jamii yake huitwa sitaphal, yaani tunda la Sita. Tunda la Amerika limetufikia likiwa limevikwa jina la malkia wa hadithi za Kihindi.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni mahindi. Jina lenyewe linadai kwamba nafaka hii ni ya Hindi. Je, wazee walikosea? Tutazame majirani wa mbali kabla ya kuhukumu. Waturuki huyaita mahindi mısır, ambalo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Waitaliano huyaita granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Kiazi kilichofugwa na wakulima wa milima ya Andes, sisi twakiita kiazi ulaya. Hata bata mzinga, ndege wa Amerika, kwa Kifaransa ni dinde, yaani wa Hindi, na kwa Kituruki ni hindi. Kila taifa lilitaja pale lilipodhani mgeni ametoka, na mara nyingi lilimtaja jirani aliyemleta au nchi ya mbali iliyosifika. Jina la chakula humtaja mchuuzi wa mwisho. Mkulima wa kwanza hasemwi.

Uthibitisho wa kanuni hii umo katika jambo dogo la kuchekesha. Waswahili walipokutana na Wamarekani ana kwa ana, hasa baada ya mkataba wa biashara uliotiwa sahihi na Sayyid Said mwaka 1833, jina la nchi hiyo halikupewa mahindi, bali lilipewa kitambaa: merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem. Na katika upungufu wa chakula wa miaka ya 1970 na 1980, Tanzania ilipopokea mahindi ya njano kutoka ng'ambo, Marekani ikiwa miongoni mwa walioyatoa, watu waliuita unga huo yanga, kwa rangi ya klabu ya mpira ya Dar es Salaam. Mahindi yaliporudi kutoka bara lake la asili, hakuna aliyeyatambua kwa asili hiyo.

2. Mgeni aliyechukua jina la mwenyeji

Kuna kundi la pili la majina, nalo lina fundisho zito zaidi. Hapa mgeni hakuja na jina lake; alitwaa jina la mwenyeji, na mwenyeji akalazimika kutafuta kivumishi.

Neno pilipili ni la kale katika Bahari ya Hindi. Kisanskriti kina pippali, Kiajemi pilpil, Kiarabu filfil. Yote hayo yalihusu viungo vya jamii ya ile tuiitayo leo pilipili manga. Kisha ikaja pilipili nyekundu ya Amerika, ambayo kwa elimu ya mimea haina undugu wowote na ile ya kwanza isipokuwa ukali. Ilistawi katika kila ua, haikuhitaji kununuliwa, ikashinda. Leo ukisema pilipili bila nyongeza, msikilizaji anafahamu ile ya Amerika. Na ile yenye haki ya jina ndiyo inayobeba alama ya ugeni, manga, yaani ya Uarabuni, kama lilivyo tunda la komamanga.

Fikirini basi methali isemayo kwamba pilipili iko shamba, yakuwashia nini? Methali hii husimama juu ya picha ya mmea ulioota shambani mwa mtu. Pilipili manga ilijulikana pwani kwanza kama bidhaa kavu ya majahazini, hali pilipili nyekundu iliota nyuma ya nyumba. Inaelekea, basi, kwamba methali tunayoihesabu kuwa hekima ya tangu na tangu haikuwezekana katika umbo hili kabla ya mgeni kutoka Amerika kupata shamba kwetu. Tunapozisoma methali kama hazina ya kale, tuchunguze pia mimea iliyomo ndani yake; mmea ni tarehe.

Viazi navyo vina kisa hichohicho. Viazi vikuu, vile vinavyotambaa juu ya miti, vilikuwapo kwanza. Viazi vitamu vikaja, na baadaye viazi ulaya, ambavyo Unguja huitwa mbatata. Leo mtu akisema viazi katika soko la Dar es Salaam au Nairobi, hafikirii viazi vikuu hata kidogo. Mbatata lenyewe limesafiri safari ya ajabu: ni neno la Wataino wa Karibi, na huko lilikuwa jina la kiazi kitamu. Katika njugu, ile ya Afrika ndiyo iliyobakia na jina la njugu mawe, na karanga iliyovuka bahari ikaitwa njugu nyasa au njugu karanga. Huko Kenya wengi husema njugu tu, wakiwa na maana ya karanga.

Mwenendo huu wa majina ni historia ya uchumi iliyoandikwa bila wino. Kivumishi humwendea aliyeshindwa. Pale mwenyeji alipoanza kuhitaji nyongeza ili atambulike, hapo ndipo mgeni alipokwisha kujaza ghala.

3. Ngeli na chungu

Sasa tuingie katika sarufi. Kabla ya kuja mimea hii, Kiswahili kilikuwa na mpango wa kupanga miti na matunda: mwembe na embe, mnazi na nazi. Wageni waliingizwa katika mpango huo bila kusitasita: mpapai, papai, mapapai, mpera, pera, mapera, mstafeli, stafeli, mastafeli. Muhogo ulikaa katika ngeli ya M/MI pamoja na mito na miti. Jambo la kupendeza zaidi ni la mahindi. Neno la nchi, Hindi, lilipasuliwa kwa viambishi likazaa mmea, gunzi lenye punje, na nafaka: muhindi, hindi, mahindi. Upatanisho wa kisarufi ukazuia mkanganyiko na watu: twasema mihindi imestawi, lakini Wahindi wamefika. Neno lilikuwa la kigeni. Kazi iliyofanywa juu yake ilikuwa ya Kibantu tupu.

Chungu kilifanya vivyo hivyo. Ugali ulikuwapo kabla ya mahindi. Ulikuwa wa mtama, wa uwele, wa ulezi. Maji yalichemshwa, unga ukatiwa, mwiko ukasonga, na kitoweo kikawekwa kando. Mahindi yalipokuja hayakuleta pishi jipya. Yaliingia katika nafasi ya unga, kama nomino mpya iingiavyo katika nafasi ya kiima. Muhogo uliingia katika nafasi hiyohiyo, na ndiyo maana bukari ya Lubumbashi, sima ya Mombasa na ugali wa Mwanza ni sentensi moja yenye maneno tofauti. Majani ya muhogo yaliwekwa katika nafasi ya mboga, yakaitwa kisamvu Tanzania, sombe Kongo, isombe Rwanda na Burundi. Maharagwe yalikalia kiti cha kunde na kuungwa kwa tui kama zilivyoungwa kunde.

Tutazame futari ya mwezi wa Ramadhani, chakula ambacho Mswahili wa Unguja au Mombasa angekitaja wa kwanza akiulizwa chakula chake cha asili. Muhogo, viazi vitamu na boga ni vya Amerika. Magimbi na ndizi asili yake ni Asia. Lakini kuvipika kwa tui la nazi, mpaka tui zito likashika, ndiko Uswahili wenyewe. Makande nayo yana ajabu yake. Mahindi na maharagwe yalifugwa bara moja, yakalimwa pamoja na kuliwa pamoja huko Meksiko kwa maelfu ya miaka. Yalitengana katika bahari, yakakutana tena katika chungu cha Mpare, na katika githeri ya Mkikuyu, bila mtu yeyote kuwatambulisha.

Haya yana uzito katika mjadala wetu wa siku nyingi kuhusu asili ya Kiswahili. Wako waliotazama wingi wa maneno ya Kiarabu katika lugha hii, wakaikana kuwa ya Kiafrika. Kosa lao ni la mtu atazamaye unga akasahau mwiko. Kama makande si chakula cha Meksiko, basi na Kiswahili si Kiarabu. Asili ya lugha, kama asili ya pishi, hutafutwa katika utaratibu unaounganisha vitu. Vitu vyenyewe vyaweza kutoka popote.

4. Muhogo na mikono iliyoulima

Hata hivyo, tusiifanye historia hii kuwa karamu. Neno jembe katika methali yetu lina uzito mwingine tukilipeleka Unguja na Pemba ya karne ya 19. Baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja, mashamba ya mikarafuu yalienea, na watumwa walioletwa kutoka bara ndio walioyalima. Watumwa wengi walipewa vipande vya ardhi na siku chache katika juma wajilimie chakula, na chakula hicho hasa kilikuwa muhogo. Mmea huu ulimfaa bwana, kwa kuwa ulistawi katika ardhi hafifu, ulivumilia ukame, na mizizi yake ilikaa ardhini kwa miezi mingi bila ghala. Kwa muhogo, gharama ya kumlisha mfanyakazi asiyelipwa ilitupwa juu ya mfanyakazi mwenyewe. Baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wengi wa walioachwa huru walibaki katika mashamba hayo kama maskwota, wakipanda muhogo kati ya mikarafuu.

Katika njia za misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, mahindi na muhogo vilisafiri pamoja na wapagazi na mateka. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kati ya 1857 na 1859, alivikuta vimeenea. Baadaye serikali za kikoloni zililazimisha watu kulima muhogo kama akiba ya njaa. Hivyo muhogo ukabeba sifa mbili zisizopatana: mkombozi wa mwenye njaa, na chakula cha asiye na hiari. Kebehi aipatayo mtu hadi leo kwa kula muhogo, hali mwenzake anakula wali, chimbuko lake limo humo. Mwanafunzi wa fasihi anapokutana na sahani ya muhogo katika hadithi, asiipite kwa haraka. Mara nyingi mwandishi ametaja tabaka bila kulitaja.

5. Mmea uliosafiri bila maarifa

Hasara nyingine ni ya maarifa. Watu wa Meksiko hawakuyala mahindi hivi hivi. Waliyachemsha na kuyaloweka katika maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Kazi hiyo, ambayo kwa lugha yao ya Kinahuatl mazao yake huitwa nixtamal, hufungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Mabaharia walibeba mbegu, hawakubeba desturi. Matokeo yake ni ugonjwa wa pelagra, ulioenea kaskazini mwa Italia tangu karne ya 18 na kuua maelfu kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa maskini waliokula mahindi karibu peke yake.

Muhogo mchungu nao una sumu, na wenyeji wa Amazoni waliukuna, wakaukamua na kuukausha kwa moto. Huku kwetu maarifa yalibidi kubuniwa upya, na yamehifadhiwa katika msamiati: kuvundika, makopa, udaga. Kila neno kati ya hayo ni kanuni ya usalama. Ambako njaa ilivunja kanuni hizo, watu walilemaa miguu kwa ugonjwa wa konzo, kama ilivyotokea Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime katikati ya miaka ya 1980. Watu walikuwa na muhogo, hawakuwa na siku za kuusubiri.

Katika mahindi, utegemezi ulizidi baada ya uhuru. Mbegu chotara H611 ilitolewa Kitale mwaka 1964, na mazao yakaongezeka sana. Lakini mtama na uwele vilirudi nyuma, hata katika nchi kavu zilizovifaa zaidi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hususan Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Maafa hayo yalikuwa na sababu nyingi, lakini yalizidi makali kwa kuwa chungu kilikuwa kimebakiwa na nafaka moja.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya vyakula ni hati za historia, ila ni hati zinazohitaji kuhojiwa. Mahindi yanatudanganya kuhusu chimbuko na kutueleza ukweli kuhusu biashara. Pilipili manga inatuonyesha mwenyeji aliyenyang'anywa jina. Udaga unatufundisha namna ya kutokufa.

Kazi iliyo mbele yenu, wanafunzi, ni ya dharura. Kamusi zetu zinaandika muhogo kwa mstari mmoja, hali wakulima wana majina ya aina nyingi: huu mchungu, huu mtamu, huu wa kukaa ardhini, huu wa kuliwa mapema. Zinaandika mtama, lakini majina ya mbegu za mtama yanaondoka pamoja na bibi zetu wanaoyajua. Neno michembe linajulikana Shinyanga; mwanafunzi wa pwani hajui kwamba ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Nendeni vijijini na madaftari. Andikeni jina, aina, namna ya kuandaa, na nani aliyesema. Maana ukame ukirudi, mkulima atahitaji mbegu, na atahitaji pia lile neno linalomwambia aifanyie nini kabla ya kuila.